Kanisa Kuu la Roho Mtakatifu, Mombasa: maswali tunayoulizwa mara kwa mara

Kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa nikisimama mlangoni baada ya Misa ya Jumapili kuwakaribisha wageni wa kanisa letu. Wengi ni watalii, lakini si wote. Wako wanafunzi waliotumwa na walimu wao, wako Wakatoliki wa bara waliokuja likizo, na wako majirani Waislamu waliopita nje ya geti maisha yao yote bila kuingia. Maswali yao yanafanana. Nimeyaandika hapa pamoja na majibu ninayowapa, mengine kwa kirefu kwa sababu hayajibiki kwa maneno mawili. Mimi ni muumini wa kawaida. Neno la kiofisi litafute kwa paroko.

Kanisa liko wapi hasa?

Kisiwani, katikati ya mji, pale Barabara ya Nkrumah inapokutana na Barabara ya Digo. Ukitoka Ngome ya Yesu kwa miguu, shika Nkrumah, pita Treasury Square, lipite kanisa kuu la Waanglikana, kisha uende hadi uone minara miwili. Ni mwendo wa kama robo saa, na zaidi kidogo jua likiwa kali.

Ukipanda tuktuk mwambie dereva "Holy Ghost". Hilo ndilo jina la mtaani, na hata wasiokwenda kanisani kabisa wanalijua. Ukisema tu "kanisa kuu la Nkrumah" utajitafutia shida, kwa kuwa barabara hiyo moja ina makanisa makuu mawili. Nimewahi kuipokea familia moja kutoka Kitui iliyokuja kwenye harusi. Walishushwa kwa Waanglikana, wakakaa kwenye benchi za mbele na zawadi zao mapajani kwa zaidi ya nusu saa wakingoja bibi harusi. Walipofika kwetu wakiwa wanatweta, bibi harusi alikuwa ameshavishwa pete. Mama mmoja kati yao alilia, nami sikuwa na la kumwambia zaidi ya kumtafutia kiti.

Kwa hiyo lile lenye kuba si la Katoliki?

Si la Katoliki. Lile ni la Waanglikana, lilijengwa kati ya 1903 na 1905 kwa ramani ya John Sinclair, Mwingereza aliyechora pia majengo kadhaa ya serikali kule Unguja. Ni kanisa la kumbukumbu, na anayekumbukwa hasa ni Askofu James Hannington, aliyeuawa Busoga mwaka 1885 akiwa njiani kwenda Buganda. Sinclair aliupenda ujenzi wa Kiarabu, akaliwekea kuba, na mpaka leo wapo wageni wanaolidhania msikiti hadi waone msalaba.

Letu halina kuba. Lina minara miwili ya kengele mbele, mmoja kila upande wa mlango mkuu, na matao ya mviringo kama unavyoyaona katika makanisa ya zamani ya Ulaya. Mimi huwahimiza wageni wayaone yote mawili kwa mguu, siku moja. Yalijengwa katika robo ile ile ya kwanza ya karne ya 20, kwenye barabara moja, na kila moja lilijibu kivyake swali moja: nyumba ya ibada ya Kikristo hapa Pwani ifanane na nini? Mmoja alisema ifanane na jirani yake. Mwingine alisema ifanane na kwa mama yake. Nikiwa ndani ya letu najua kwamba jibu la pili nalo lina haki yake, na nitaeleza chini kwa nini.

Kwa nini "kanisa kuu"? Ni kwa sababu ya ukubwa?

Hapana. Kanisa dogo la mabati linaweza kuwa kanisa kuu, na basilika lenye nafasi ya maelfu lisiwe. Kinachohesabiwa ni kiti. Ndani ya kanisa hili kuna kiti cha askofu, naye akiketi hapo anafundisha kama mchungaji wa jimbo zima. Wagiriki na Walatini walikiita "kathedra", ndiko kulikotoka jina la jengo katika lugha nyingi. Kiti hicho hakikaliwi na padri mwingine, hata kama ndiye anayeongoza Misa siku hiyo na askofu yuko safarini. Ukiingia kitafute karibu na altare, halafu ukiache kama kilivyo. Watoto hukipenda sana kwa picha na mimi hulazimika kuwa mkali kidogo.

Na kwa nini "Roho Mtakatifu"?

Kwa sababu ya waliolijenga. Wamisionari waliouleta upya Ukatoliki katika pwani hii walikuwa wa Shirika la Roho Mtakatifu, lililoanzishwa Paris na Claude Poullart des Places siku ya Pentekoste, sikukuu ya kushuka kwa Roho Mtakatifu, mwaka 1703. Alikuwa kijana wa miaka 24 tu. Aliwakusanya wanafunzi maskini waliotaka upadri lakini hawakuwa na nauli wala karo. Karne moja na nusu baadaye, mwaka 1848, shirika hilo liliunganishwa na lile la Francis Libermann, ambaye moyo wake wote ulielekea Afrika. Kwa hiyo sikukuu ya kanisa letu ni Pentekoste, na ukitaka kulisikia likiimba kwa sauti yake kamili, njoo siku hiyo.

Ukatoliki ulifika lini Mombasa?

Hapa ndipo ninapowaomba watu wakae kitini.

Vasco da Gama alifika Mombasa Aprili 1498, hakupatana na wenyeji, akaendelea hadi Malindi. Miaka iliyofuata haikuwa ya Injili. Wareno waliuchoma mji huu zaidi ya mara moja. Makao yao ya kudumu yalianza na ngome. Jiwe la msingi liliwekwa mwaka 1593, mchoraji akiwa Mwitaliano Giovanni Battista Cairati, nao wakaiita Ngome ya Yesu. Mapadri wa shirika la Mtakatifu Agustino walikuja kuanza kazi mwaka 1597. Ndani ya ngome kulikuwa na kanisa, na msingi wake upo hadi leo. Ukiingia uwanja wa ndani unaona mstari wa mawe chini, umbo la chumba kirefu, basi. Watalii wengi huruka juu yake wakikimbilia mizinga.

Nami nitakuonyesha kumbukumbu nyingine ya kanisa lile, ambayo unaitembeza mdomoni kila siku. Neno "gereza". Wataalamu wa lugha wanalifuatilia hadi kwenye neno la Kireno "igreja", ambalo maana yake ni kanisa. Wareno waliposema wanakwenda "igreja" walikuwa wanaelekea ndani ya ngome, na kwa mwenyeji aliyekuwa nje, ukuta na mizinga na kanisa vilikuwa kitu kimoja. Jina likabaki kwa ngome, na kutoka ngome likahamia kwa mahali pa kufungia watu. Kule Kilwa Kisiwani ngome ya zamani inaitwa Gereza mpaka leo. Hapa Mombasa neno lilikuja kuwa kweli kabisa: kuanzia 1895 hadi 1958 serikali ya kikoloni iliifanya Ngome ya Yesu kuwa jela. Neno la sala likawa neno la pingu.

Mara ya kwanza nilipoelezwa hayo nilikuwa msichana wa sekondari, na yalinichoma. Nilijiuliza sisi Wakatoliki tulionekanaje kwa jirani zetu, hata nyumba yetu ya ibada iachie lugha yao jina la namna hiyo. Bado najiuliza. Maneno mengine ya Kireno yaliingia kwa upole zaidi: meza, leso, kasha, bendera, mvinyo, na "padri" mwenyewe.

Nini kilitokea mwaka 1631?

Mtoto wa mfalme wa Mombasa, Yusuf bin Hasan, alichukuliwa na Wareno akiwa mdogo, baada ya baba yake kuuawa. Wakamlea Goa, koloni yao kule India, kwa mapadri wa Mtakatifu Agustino, wakambatiza Dom Jerónimo Chingulia, kisha wakamrudisha kutawala mji wake. Kwa wenyeji hakuwa tena mwenzao, na kwa Wareno hakuwa sawa nao. Agosti 1631 aliingia ngomeni na watu wake, akamuua kapteni Pedro Leitão de Gamboa, akairudia dini ya baba zake. Wareno wa mjini waliuawa, na pamoja nao Waafrika Wakristo waliokataa kuiacha imani. Mwaka uliofuata mashahidi walihojiwa Goa kwa nia ya kuwaombea waliouawa heshima ya wafia dini.

Huwa naombwa niseme nani alikuwa na haki. Nasema hivi: mtoto aliyeuliwa baba yake na kubadilishwa jina asingeweza kuutawala mji kwa moyo mtulivu, na mama Mwafrika aliyekufa kwa kukataa kuiacha imani hakuwa amemuua baba wa mtu. Nawaombea wote.

Wareno walirudi, wakakaa hadi Desemba 1698, Waarabu wa Omani walipoitwaa ngome baada ya kuizingira tangu Machi 1696. Ukatoliki wa Mombasa ukazimika pamoja nao.

Ukarudi lini?

Karibu miaka mia mbili baadaye, na haukuanzia Mombasa. Uliingilia Unguja mwaka 1860, ukavuka hadi Bagamoyo mwaka 1868, ambako Padri Antoine Horner na wenzake walianzisha misheni na kijiji cha watu waliokombolewa utumwani. Mombasa ya wakati huo ilikuwa tayari imezoea Wakristo wa upande mwingine. Mmisionari Mjerumani Krapf alifika hapa 1844 na kuhamia Rabai, na Waanglikana walikuwa na kijiji chao cha Frere Town kuanzia 1875.

Mapadri wa Roho Mtakatifu walifika kukaa Mombasa mwishoni mwa karne hiyo ya 19, na anayetajwa sana ni Padri Alexandre Le Roy, ambaye baadaye aliliongoza shirika lote kuanzia 1896 hadi 1926. Mwaka 1892 wakapanda Taita na kuanzisha misheni ya Bura. Mwaka 1896 ujenzi wa reli ulianza hapa Mombasa, na mji ukabadilika ghafla. Wakaja Wagoa, makarani na washonaji na wapishi, Wakatoliki wa vizazi vingi. Wakaja watu wa bara kutafuta kazi bandarini. Waumini waliohitaji kanisa kubwa walikuwa hao. Ninapoambiwa kuwa hili ni kanisa la wazungu, naikumbuka orodha hiyo: Mgoa wa stesheni, Mtaita wa Bura, Mkamba wa bandarini.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa wa Bura. Alishuka Mombasa kufanya kazi ya uyaya, na Jumapili yake ya kwanza alisimama nyuma kabisa kwa sababu hakuwa na viatu.

Jengo lina mtindo gani?

Unaitwa Romaneski. Asili yake ni Ulaya ya miaka ya 1000 hadi 1200, kabla watu hawajagundua namna ya kujenga makanisa marefu yenye madirisha makubwa na matao yaliyochongoka. Karne ya 19 mtindo huo ulifufuliwa, na wamisionari wakaupenda. Ulibebeka katika akili za mabruda waliokuwa mafundi waashi na maseremala, na haukuhitaji michongo ya gharama. Hata kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu kule Unguja, lililojengwa miaka ya 1890, ni la ukoo huu. Wazanzibari wanaliita Minara Miwili, na ukilitazama baada ya kuona letu utajua kuwa ni ndugu.

Alama zake ni nyepesi kuzishika. Tazama juu ya kila mlango na kila dirisha: tao ni nusu duara, kama mwezi uliolala kifudifudi. Ukuta ni mzito. Minara ni ya pembe nne na imekita miguu. Ndani kuna ukumbi mrefu wa kati, na pembeni yake njia mbili za chini zaidi, zikitengwa nao kwa safu za nguzo na matao.

Ule ukumbi wa kati Walatini waliuita "navis", maana yake chombo cha majini, jahazi. Hapa kwetu maana hiyo haihitaji mfano wa kutunga. Simama katikati, inua uso, uone dari inavyojikunja kutoka pande mbili. Aliyewahi kulala kwenye mchanga wa ufukwe chini ya chombo kilichopinduliwa kwa kutiwa kalafati anaijua sura ile.

Tao linabebaje uzito wote ule?

Swali hili huulizwa na watoto, na ndilo ninalolipenda kuliko yote.

Chukua nyumba ya mawe ya Mji wa Kale. Paa lake linashikwa na boriti za mikoko, na boriti nzuri inafika kama mita tatu tu kabla haijaanza kupinda. Ndiyo maana vyumba vya nyumba hizo, na zile za Lamu, ni virefu lakini vyembamba. Upana wa chumba ulifuata urefu wa mti wa fundi. Sasa unataka kuwakusanya mamia ya watu wakiitazama altare moja. Mti hautoshi.

Tao linafanya ujanja. Mawe yake yamechongwa kama vipande vya tikiti, vipana juu na vyembamba chini. Kila jiwe linataka kuanguka, lakini likijaribu linajikaza kwa mwenzake, na mwenzake kwa mwingine, hadi uzito wote unateremka kwenye nguzo na kuingia ardhini. Wakati wa kujenga, mawe hulazwa juu ya fremu ya mbao. Jiwe la mwisho ni lile la katikati juu, na kabla halijaingia tao haliwezi kujishika hata kidogo. Likishaingia, mbao zinaondolewa na tao linasimama kwa kusukumana.

Lakini kusukumana huko kunasukuma pia kwa nje, na nguzo peke yake ingefunguka kama miguu ya ngazi kwenye sakafu ya kuteleza. Ukuta mnene unazuia. Watu hudhani unene ule ni wa kujivunia nguvu, kumbe ni kazi.

Huwaweka watoto wawili wakitazamana, viganja kwa viganja, wakiegemeana. Halafu naitelezesha nyuma miguu ya mmoja wao kidogo. Wanapiga kelele, na wameelewa.

Mbona ndani pana baridi hali nje kuna joto kali?

Ukuta mnene hupokea joto polepole. Jua la asubuhi linapoanza kuupenya, jioni imeshafika. Na dari ni ya juu, hewa ya moto inapanda na kukuacha wewe chini na hewa iliyopoa. Weka kiganja ukutani saa saba mchana uone.

Lakini kuta hazitoshi Mombasa, kwa sababu adui wetu mkubwa ni unyevu. Pasipo upepo, kanisa lililojaa watu wenye nguo za Jumapili linageuka sufuria yenye kifuniko. Hapa uzoefu wa Pwani unahitajika: kuanzia Aprili upepo ni kusi, kuanzia Desemba ni kaskazi, na milango na madirisha ya pande mbili yakiachwa wazi kila upepo unapata pa kuingilia na pa kutokea. Binafsi nashukuru feni zikizimwa wakati wa Komunyo. Unasikia kusi ikivuka kanisa kutoka ubavu hadi ubavu.

Vioo vya rangi vina maana gani?

Zamani, wengi wa waumini walipokuwa hawajui kusoma, vioo na michoro ndivyo vilivyokuwa kitabu chao. Lakini havikutengenezwa kutazamwa tu, na huu ndio ushauri wangu: viache kidogo, utazame sakafu. Mwanga unaopita huko unaanguka kwenye benchi na unatembea. Siku moja nilimwona mzee anayesali rozari, na kipande cha bluu kimetua gotini mwake. Kikapanda taratibu hadi kwenye mkono, kikaifikia ile rozari, punje moja ikawa bluu, halafu ya pili. Hakukiona. Alikuwa amefumba macho.

Ni kweli kanisa limejengwa juu ya soko la watumwa?

Si kweli. Hiyo ni historia ya Unguja, tena ya Waanglikana: kanisa lao kuu la Mkunazini ndilo lililojengwa penye soko lililofungwa mwaka 1873. Wageni wanaotoka huko hufika kwetu na simulizi hiyo mkononi. Ila asidhani mtu kwamba Mombasa iliepuka. Utumwa wenyewe ulipigwa marufuku katika pwani ya Kenya mwaka 1907 tu.

Misa ilikuwa ya Kilatini? Watu walielewaje?

Ilikuwa ya Kilatini hadi Mtaguso wa Pili wa Vatikano, uliofanyika 1962 hadi 1965, ulipofungua mlango kwa lugha za watu. Padri alikuwa akisali ameelekea altare pamoja na waumini nyuma yake. Baadaye akageuka kuwatazama. Mahubiri na katekisimu vilikuwa vya Kiswahili tangu mwanzo kabisa, na mapadri hao walikisoma kwa bidii kubwa. Mmoja wao, Charles Sacleux, alikaa Unguja na bara miaka mingi akikusanya maneno, lahaja kwa lahaja, na kamusi yake ya Kiswahili na Kifaransa iliyoanza kutoka 1939 bado inafunguliwa na wanaoitafiti lugha yetu.

Kuhusu kuelewa, nitakupa ya bibi. Aliijua Baba Yetu ya Kilatini yote, neno kwa neno, akiivuta kwa lafudhi ya Kitaita. Nilipomuuliza maana yake alinitazama kana kwamba nimekosa adabu. "Mjukuu wangu, mimi nilikuwa namwambia Mungu. Yeye alikuwa anaelewa." Misa ya Kiswahili ilipokuja alifurahi, lakini alisema kitu kimoja kimepungua: zamani Mgoa, Mwailandi na Mtaita walikuwa wote sawasawa, wote wanaimba lugha isiyo ya mtu.

Jimbo lenyewe lina umri gani?

Mombasa ilikuwa chini ya vikariati ya Zanzibar, yaani eneo la kimisionari ambalo bado si jimbo, kwa miongo mingi. Mwaka 1955 ikawa Jimbo la Mombasa na Zanzibar, na kanisa hili likawa la kiaskofu. Eugene Butler wa shirika la Roho Mtakatifu akaliongoza kuanzia 1957. Zanzibar ilitengwa Desemba 1964, miezi michache baada ya Muungano. Mwaka 1990 Mombasa ikapandishwa kuwa jimbo kuu, John Njenga akiwa askofu mkuu wa kwanza. Jimbo la Malindi likaanzishwa mwaka 2000.

Linatunzwaje? Nimeona madoa kwenye kuta.

Umeona vizuri. Jengo lolote la kisiwani linaliwa na chumvi. Upepo wa bahari unaileta, unyevu unaiingiza ndani ya ukuta, jua linaikausha, na ikikauka inakuwa vijipande vinavyoisukuma plasta kutoka ndani. Penye zege na nondo ni mbaya zaidi: nondo ikipata kutu inavimba, inalipasua zege, na ufa huo unaikaribisha chumvi zaidi. Ufa mwembamba kama unywele haufai kungoja mwaka ujao wa bajeti.

Nina maoni yangu, na nayasema wazi. Majengo ya zamani ya mji huu, yale ya mawe ya matumbawe na chokaa, yanauawa na wanaoyapenda. Mtu anaona doa, anapaka plasta ya saruji na rangi ya mafuta inayong'aa. Miezi sita ni raha. Lakini chokaa hupumua, inaruhusu unyevu utoke. Saruji na rangi ya mafuta zinaufungia ndani, na ukuta unaoza kimyakimya nyuma ya sura mpya. Nyumba ya shangazi yangu Mji wa Kale iliharibiwa hivyo na fundi aliyelipwa vizuri. Nilikibonyeza kidole ukutani, kikazama. Kwa hiyo ukiona mchango wa ukarabati wa jengo lolote la kale, kanisa au msikiti, uliza kwanza watapaka nini.

Mimi si Mkristo. Naweza kuingia?

Karibu sana, mlango ni wa wote. Funika mabega na magoti, kofia ivuliwe na wanaume, kina mama na hijabu zao wabaki kama walivyo. Wakati wa Misa kaa nyuma na usitembee. Hujalazimishwa kupiga goti wala kupiga ishara ya msalaba. Komunyo peke yake ndiyo ya Wakatoliki waliojiandaa. Picha ziombee ruhusa, na usiwapige watu wanaosali, hata kama mwanga ni mzuri.

Jirani mmoja muuza viatu wa Barabara ya Digo, Mwislamu, aliingia mara ya kwanza akiwa na miaka sitini. Alivua ndara zake mlangoni kabla sijasema neno. Nikamwambia si lazima. Akasema, "Najua, mwanangu, lakini ni nyumba ya sala." Nikavua na vyangu, tukaizunguka sakafu ile pekupeku.

Nina saa moja tu. Nianzie wapi?

Anzia ng'ambo ya barabara, uione minara yote miwili kwa pamoja kabla matatu hazijakuziba. Ingia, usiende mbele. Kaa benchi la nyuma dakika kumi, macho yazoee kiza. Kisha fuata njia ya pembeni polepole ukihesabu matao, hadi ukione kiti cha askofu. Rudi kwa upande wa pili. Ukitoka geti la Nkrumah geuka kuelekea ngomeni, na ukifika kwenye uwanja wa ndani utafute ule mstari wa mawe chini. Usiuruke.